Golikipa Waliyemwita Wao

Michezo nilipewa kama adhabu. Mwaka nilioripoti kufundisha Jiografia katika shule moja ya kata, mwambao wa Ziwa Nyasa, mbele kidogo ya Lundo, walimu wenzangu walikuwa wamekwisha kugawana vyeo vyote vyenye heshima: huyu taaluma, yule nidhamu, mwingine stoo ya mahindi. Kilichobaki kilikuwa michezo ya wasichana. Mkuu wa shule alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vilivyojaa vumbi la safari ya siku mbili kutoka Singida, akasema, "Wewe bado huna familia, Madam. Muda unao."

Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yangu.

Vifaa nilivyokabidhiwa vilikuwa mpira mmoja wa netiboli na filimbi isiyolia. Mpira wa miguu ulikuwepo, lakini ulikuwa wa wavulana, na wavulana waliulalia kama mto ili mtu asiuguse. Nilipouliza kama wasichana nao wangeweza kucheza kandanda, niligundua kwamba chumba cha walimu kilijaa wataalamu. Mwalimu wa taaluma, mtu aliyekuwa akifundisha Uraia na ambaye sidhani kama alifungua kitabu cha Biolojia tangu amalize kidato cha nne, alijua kwa uhakika kwamba mpira ukimpiga msichana tumboni, kizazi kinageuka. Kinageukia wapi, hakusema. Wenzake waliitikia kwa vichwa huku wakimenya viazi vyao vya saa nne.

Lakini nisijitoe. Nilipoletewa mtu wa kuwaumbua, mimi mwenyewe sikumtambua.

Alikuwa binti wa kidato cha pili, mrefu, mwenye mikono iliyoonekana kuazimwa kwa mtu mkubwa zaidi. Mama yake alikuwa akianika usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye vichanja vya matete karibu na maji. Baba yake alivuka kwenda upande wa Malawi kutafuta maisha, na inaonekana aliyapata, kwa sababu hakurudi. Mimi nilimpanga netiboli kwa ajili ya urefu wake. Jioni moja akanifuata nyuma ya madarasa.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Sema."

"Naomba nihamie mpira wa miguu. Nataka kudaka."

"Kudaka? Magoli yetu hayana hata nyavu."

"Ndiyo maana, Madam. Ukinipita nitaufuata mwenyewe."

Nilicheka, nikamwambia arudi netiboli. Nawacheka sana wale walimu katika kumbukumbu hizi, lakini siku ile nilikaa nao benchi moja.

Kilichonitoa kwenye benchi hilo ni malaria. Golikipa wa wavulana aliugua, wavulana wakakosa mtu wa kusimama golini mazoezini, na binti akasimama bila kuulizwa. Mwalimu wa taaluma alikuwa akipita. Alikuwa na kawaida ya kutukumbusha kwamba aliwahi kuichezea timu ya chuo, kwa hiyo alivua viatu, akakunja suruali, akalaza tai yake begani na kuomba apige penalti tatu. Ya kwanza binti aliidaka kifuani. Ya pili aliipangua kwa ngumi. Ya tatu mwalimu aliipiga kwa hasira, mpira ukapaa juu ya goli na kwenda kutumbukia ziwani, akatumwa mtu kuogelea kuufuata.

"Mpira hauna upepo," alisema mwalimu, akavaa viatu.

Mpira huo aliujaza upepo yeye mwenyewe asubuhi ya siku hiyo. Kesho yake niliandikisha timu ya wasichana.

Mechi yetu ya kwanza ya ugenini ilikuwa huko juu, Litembo. Mtu wa ziwani akipanda Litembo mwezi wa sita anafika akiwa nusu mtu. Wasichana wangu walizoea joto na mchanga, wakashuka kwenye gari wanatetemeka, pua zinavuja, ukungu umetanda mpaka goli la pili halionekani. Uwanja wenyewe umeegemea mlima. Upande mmoja ukipiga mpira ovyo unarudi wenyewe. Upande wa pili unabingirika mpaka kwenye mashimo ya ngolo, yale mashamba ya Wamatengo yaliyochimbwa kama sega la nyuki, na mechi inasimama hadi mtu apande nao.

Watazamaji walikuwa wengi, nao hawakuja kutazama mpira. Walikuja kutazama bukta. Mzee mmoja mwenye koti zito alisimama nyuma ya goli letu kipindi chote cha kwanza akimhubiria golikipa wangu kuhusu ndoa. "Mwanangu, nani atakuoa na magoti hayo?" alikuwa akimwuliza, taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. Binti alivumilia. Mwishoni mwa kipindi aliruka, akaudaka mpira wa kichwa uliokuwa unaingia, akaanguka na kujikwaruza magoti yote mawili. Aliposimama alimgeukia mzee.

"Shikamoo, babu. Naomba usogee kidogo, unaniziba mwanga."

Mzee alisogea. Tulitoka sare, na mimi nilirudi ziwani nikiwa na kikohozi cha wiki mbili na furaha ambayo sikumwonyesha mtu, maana shuleni kwetu furaha ya mwalimu wa michezo ilihesabiwa kama utoro.

Mwaka uliofuata binti alichaguliwa kwenye kikosi cha mkoa, na katika mashindano ya shule Songea akaonwa na kocha mmoja mwanamke, mfupi, mwenye kofia na daftari. Kocha huyo alikuwa akitafuta wachezaji wa timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka kumi na saba, kwa ajili ya ubingwa wa nchi za ukanda wetu. Alitazama mechi mbili, kisha akaniita pembeni.

"Huyu nani alimfundisha kudaka?"

"Hakuna."

"Inaonekana," alisema. "Hana hata kosa moja la kufundishwa."

Aliandika jina la shule, akasema barua ya wito ingekuja kwa mkuu. Tukarudi kusubiri. Wiki ikapita, na nyingine ikaanza. Binti haniulizi kitu, lakini kila asubuhi anapita mbele ya ofisi ya mkuu polepole kuliko inavyohitajika. Hatimaye kocha alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mwalimu, wenzake wameshaingia kambini. Nyie hamumtaki?"

Nilikwenda ofisini kwa mkuu. Barua ilikuwa mezani. Haikupotea, haikuchelewa njiani wala kuliwa na mchwa. Ilikuwa chini ya kioo cha meza, imenyooka vizuri, mhuri wake wa kupokelewa unaonekana na tarehe yake, pamoja na kalenda na picha ya mkuu akipokea cheti. Ilikuwa imekaa pale siku kumi na moja.

"Mkuu, hii barua imefika lini?"

"Barua hiyo haikupitia ngazi husika," alisema bila kunitazama. "Wamemwandikia mkuu wa shule moja kwa moja. Utaratibu ni kwamba ishuke."

"Ishuke kutoka wapi?"

"Kutoka juu. Nilikuwa nasubiri ishuke."

Nimekutana na watu wabaya maishani, na wengi wao walikuwa na akili. Huyu hakuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwa moyo wote kwamba kitu kisichoshuka kutoka juu hakipo, hata kama kiko chini ya viwiko vyake. Nilimwambia kwamba kama hatasaini jioni hiyo, nitamwomba kocha awaeleze wakubwa huko juu, nao wampigie yeye simu kuuliza kwa nini golikipa wa taifa amezuiliwa na kioo cha meza. Aliposikia kwamba kuna mtu wa juu anaweza kumpigia, alitafuta kalamu.

Ikabaki familia. Baba mkubwa wa binti, kaka wa yule aliyevuka ziwa, hakuwahi kumnunulia mtoto yule hata penseli. Siku hiyo ndipo alipokumbuka kwamba ni mlezi. Tulimkuta ameshakaa kwenye kiti pekee cha nyumba, mama mtu amesimama.

"Ukoo wetu hautoi mtoto wa kike akavae bukta mbele ya mataifa," alisema.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Alimjibu kwa adabu zote za shemeji. "Shemeji, ukoo unaousema ni upi? Ule uliokuja kumwona alipolazwa, au kuna mwingine?"

Baba mkubwa alijikohoza. Mama akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nailoni, na ndani yake kadi ya kliniki ya tangu binti azaliwe, safi, haina hata mkunjo. Kocha alikuwa amesema wanahitaji ushahidi wa umri. Mimi niliyesomea chuo kikuu sijui kadi yangu iko wapi. Asubuhi yake binti alipanda basi na begi la shule, soksi mbili na chupa ya usipa wa kukaanga.

Mashindano yalifanyika nchi jirani. Mechi mbili za mwanzo alikaa benchi. Ya nusu fainali ilikuwa saa kumi jioni, na kijijini kwetu runinga kubwa ilikuwa moja tu, kwenye kibanda umiza, lile banda la mabati ambako vijana wanalipa kutazama ligi za Ulaya. Tulikwenda, mimi na mama yake. Mwenye banda alituzuia mlangoni.

"Leo kuna marudio ya mechi ya jana, Mwalimu. Wateja wameshakaa."

"Marudio wanajua yaliishaje," nilisema.

"Ndiyo. Lakini ile ni mechi."

Mama alimpita. Hakumsukuma wala hakuinua sauti, alimpita tu kama mtu anayeingia kwake, akaenda kukaa benchi la mbele kabisa na harufu yake ya samaki, akakunja mikono. "Weka mpira wa wanangu," alisema. "Wakimaliza nitaondoka." Mwenye banda alisubiri aone kama kuna mwanamume atakayemtoa. Hakuna aliyesimama. Sidhani kama ilikuwa heshima. Nusu yao walikuwa wakila samaki wake kwa kuahidi kulipa.

Kipindi cha pili golikipa wa kwanza aliumia bega, na tukamwona binti yetu akivua koti la benchi. Banda zima likageuka kumtazama mama, kama vile ndiye anayeingia uwanjani. Dakika chache baadaye ulipigwa mpira wa mbali, mwepesi, ukamdundia mbele, ukampita chini ya tumbo. Goli la kusawazisha. Nilisikia kicheko nyuma yangu, kisha sauti niliyoifahamu vizuri, ya mwalimu wa taaluma. Hata sikujua alikuwa amekuja.

"Nilisema. Mwanamke na goli wapi na wapi."

Mama hakugeuka. Niliona tu kidole gumba chake kikisugua kiganja, kama anaondoa magamba.

Ilikwenda mikwaju ya penalti. Sikuweza kutazama yote. Nilitazama migongo ya miguu yangu na kusikiliza. Binti alizuia mmoja kwa mguu. Wenzake wakafunga yao. Mkwaju wa mwisho wa wapinzani aliurukia kulia, mikono ile mirefu ikafika, mpira ukagonga nguzo na kwenda nje, na banda lile la mabati likalia kama mvua ya mawe. Watu wakakumbatiana. Mwenye banda alinishika mkono akiutikisa. "Mtoto wetu," alisema. "Mtoto wetu huyo." Nyuma yetu mwalimu wa taaluma alikuwa akimweleza kijana mmoja namna ya kusoma bega la mpigaji.

Fainali walifungwa, moja bila, na binti alidaka dakika zote. Wakarudi na medali za fedha.

Mapokezi yalifanyika Mbinga mjini, kwa sababu kuna lami na hema kubwa la kukodi. Ilikuwepo kamati, na ndani ya kamati palikuwa na ugomvi wa kimyakimya: wa Mbinga walisema binti ni wao kwa kuwa zamani wilaya ilikuwa moja, na wa Nyasa walisema ni wao kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Hakuna upande uliogombania mpira wa netiboli na filimbi isiyolia.

Wakubwa walikaa hemani, kwenye viti vyenye vitambaa. Binti, ambaye ndiye sababu ya hema, aliwekwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja "ili wananchi wamwone", juani, amevaa medali shingoni na suti ya mazoezi ya taifa, jasho linamtiririka. Mama yake alikuwa upande wa pili wa kamba pamoja na wananchi. Baba mkubwa alikuwa mstari wa mbele hemani, amevaa jezi mpya ya taifa juu ya shati na kukunja miguu. Alitambulishwa kama mzazi, akasimama, akapunga mkono.

Hotuba zilikuwa nyingi na zote zilifanana. Mkuu wetu wa shule alisema yeye ndiye aliyemwibua. Neno hilo, kumwibua, alilitumia mara tatu, na kila mara aligusa tai. Alieleza jinsi alivyoipokea barua ya wito "kwa uzito wa kipekee", na hapo hakudanganya, kioo kile kilikuwa kizito. Mwalimu wa taaluma alipewa dakika moja, akasema kwa unyenyekevu kwamba penalti za kwanza kabisa binti alipigiwa na yeye. Watu walimpigia makofi. Mimi sikuitwa, na sikuwa na haja. Nilikuwa nyuma ya spika, nikihesabu watu waliokuwa hawajawahi kuja hata kwenye mechi moja. Niliishia kwenye mstari wa tatu kwa kuwa hakukuwa na tofauti tena.

Mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshaanza kunusa pilau, mshereheshaji akamkumbuka.

"Bingwa wetu atatusalimu kwa sekunde chache."

Binti alisimama. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama anavyoshika mpira.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," hema likaitika.

"Nashukuru kwa kuja. Namshukuru mama, yuko pale nyuma ya kamba. Nilikuwa na swali moja kwa mkuu wangu wa shule. Naomba kujua barua yangu ilikaa wapi zile siku kumi na moja. Kwa sababu nilifika kambini wa mwisho, na yule aliyefika kabla yangu ndiye aliyepangwa kuanza."

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Sina hakika hata kama alikusudia kumwaibisha mtu. Alitaka kujua. Mkuu wa shule alichukua chupa yake ya maji, akasoma maandishi yaliyo ubavuni kwa makini, mwanzo mpaka mwisho. Mgeni rasmi alimwinamia jirani yake kuuliza barua gani. Kisha mshereheshaji akafanya kile alicholipiwa, akawasha muziki.

Na mimi? Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikasema, "Ilikuwa chini ya kioo." Nilijua jibu, na nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilitazama chini. Nilikuwa na ombi la uhamisho ofisini kwa mkuu yule yule, likisubiri jibu lishuke. Katika uwanja mzima ule uliojaa watu wazima wenye vyeti, mtu pekee aliyeuliza kitu ni mtoto wa miaka kumi na sita. Dharau yangu kwa wale waliokaa hemani ni kubwa, lakini kwa ukimya ule nami nilistahili kiti humo.

Jumatatu mkuu aliniita. "Umemfundisha yule mtoto kunidhalilisha."

"Hapana, Mkuu," nilisema. "Natamani ningekuwa mimi."

Ndilo jambo la pekee la maana nililomwambia, tena mlango ukiwa umefungwa. Mwaka huo huo alipandishwa cheo, akaenda kusimamia shule nyingi zaidi. Uhamisho wangu ulikuja baada ya miaka miwili, nikapelekwa huko huko kwenye milima ya baridi, ambako sasa nina timu ya wasichana na koti. Binti alichukuliwa na shule moja ya mbali yenye timu nzuri. Bado yuko kikosi cha taifa. Safari nyingine anaanza, safari nyingine anakaa benchi. Baba mkubwa anaivaa ile jezi msibani na harusini, na akilewa anaeleza mikwaju ile kana kwamba aliirukia yeye.

Likizo iliyopita nilishuka ziwani. Binti alikuwa amenipigia simu kwamba amevunjika kidole mazoezini, akaniomba nimweleze mama yake uso kwa uso, maana kwenye simu mama angeogopa. Nilimkuta kwenye vichanja, anageuza usipa. Nilimwamkia, nikamweleza kidole kipi, na kwamba kimefungwa vizuri, na kwamba wiki sita hatadaka.

Aliendelea kugeuza mpaka mwisho wa kichanja.

"Kidole kitapona, Mwalimu," alisema. "Mwambie asije akarudi huku kwa ajili ya kidole."

Kisha akaniambia nishike upande wa pili wa turubai, kwa sababu upande wa Malawi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na samaki walikuwa bado wabichi.